Kwa nini sinema huru za Nepal zinatuonyesha jeneza la kibarua wa Ghuba, siyo kazi yake?

#1 Kandili
Wakuu, salaam.

Kwa muda sasa nafuatilia sinema huru za Nepal, zile za bajeti ya kuungaunga zinazozunguka kwenye matamasha kabla hazijafika hata kwao. Kuna jambo linanikera, acha nilitoe hapa.

Ile nchi inaishi kwa watu walioondoka. Pesa wanazotuma nyumbani ni kama robo ya pato la taifa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 29 na ushei, na ikakuta wengine milioni 2.2 hivi wako nje: Qatar, Malaysia, Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait, na India bila shaka. Ungetegemea sinema yao ijae makambi ya vibarua. Sasa tazama:

The Red Suitcase (2023) ya Fidel Devkota. Dereva wa pikapu anapakia jeneza uwanja wa ndege wa Kathmandu, analipeleka kijijini milimani, safari ya siku mbili. Ndani kuna mtu aliyekwenda nje kutafuta. Hatumwoni akifanya kazi hata dakika moja.

Bulbul (2019) ya Binod Paudel. Mume yuko nje, kamera imebaki Kathmandu na mke anayeendesha tempo ya abiria, ile bajaji kubwa yao ya umeme.

White Sun (2016) ya Deepak Rauniyar. Mzee kafariki, kijijini hakuna vijana wa kubeba maiti. Wamebaki wazee, wanawake na watoto.

Hoja yangu ni kwamba wanakwepa sehemu ngumu. Mtu yuko juu ya jukwaa la ujenzi, jua la Julai, deni la wakala halijaisha, pasipoti kabatini kwa bosi. Hiyo ndiyo hadithi. Jeneza ni rahisi, kila mtu atalia. Kwa nini wanakwepa? Nasubiri wajuzi.

#2 Kibajaji
Naweka kambi hapa. Mimi Nepal naijua kwa mlima tu.

#3 Mzee wa Kaole
Kandili, White Sun umeichomeka tu. Ile ni filamu ya vita vya waasi wa Kimao dhidi ya serikali, 1996 mpaka 2006, na ndugu wawili waliokuwa pande mbili. Vijana hawapo kwa sababu ya vita. Usiokoteze ushahidi.

#4 Kandili
Mzee shikamoo. Vita vilianza kuwatoa, Ghuba ikamalizia. Vilipoisha wale vijana walirudi kijijini? Hawakurudi. Wakapanga foleni ya pasipoti.

#5 Mzee wa Kaole
Marahaba. Bado umeichomeka.

#6 Lindo Usiku
Niaje wasee. Mimi ni Mkenya, niko Doha, kazi ni ulinzi. Nimekaa chumba kimoja na Wanepali kwa muda mrefu kwa hivyo nitawaambia ninachokijua.

Kwanza ni ruhusa. Hapa huwezi ukaingia kambini na kamera kubwa halafu uulize watu mishahara. Hata sisi tunaoishi ndani, ukiandika sana unatafutwa. Mnakumbuka 2021 yule Mkenya mwenzetu Malcolm Bidali, askari wa ulinzi kama mimi, aliyekuwa anaandika kwa jina la bandia kuhusu maisha ya makambini? Alichukuliwa akafungiwa wiki kadhaa, baadaye akatozwa faini. Huyo alikuwa na simu tu, siyo kikosi cha filamu.

Kuna filamu moja iliyofanikiwa kuingia, The Workers Cup (2017) ya Mmarekani anaitwa Adam Sobel. Inafuata timu ya mpira ya vibarua wa kampuni moja ya ujenzi. Wachezaji ni Waghana, Wahindi, Wanepali, na Mkenya yuko ndani. Aliruhusiwa kwa sababu mashindano yenyewe yalikuwa ya kuonyesha sura nzuri kabla ya Kombe la Dunia. Uzuri ni kwamba watu wakazungumza ukweli wao humo humo.

La pili ndilo kubwa zaidi. Hao jamaa ninaoishi nao hawawaonyeshi watu wa nyumbani kazi yao. Siku ya mapumziko mtu anaoga, anavaa shati safi, anaazima miwani, tunaenda Corniche, ile barabara ya ufukweni ya Doha, anapiga picha na maghorofa nyuma yake. Akipiga simu ya video anasimama nje, kamera haigeuzwi kuelekea kitandani. Mama yake hajui kama analala kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wengi. Sasa huyo mwongozaji aliyekulia Kathmandu atajuaje? Anaona kile ambacho familia inaona. Picha ya Corniche, pesa ya mwezi, halafu siku moja sanduku.

#7 Kibajaji
Duh. Hiyo ya kuazima miwani imenigusa pabaya, nina binamu Muscat na kila picha ana miwani ileile.

#8 Bint Vuga
Assalaam alaykum. Lindo Usiku kasema kweli, na kwa wanawake ni zaidi. Kazi yao iko ndani ya nyumba ya mtu, nani atakufungulia mlango na kamera yako?

Kwetu Unguja kwenda Maskati si jambo geni, tuna ndugu huko tangu enzi za mabibi. Lakini kwenda kwa ndugu ni kingine na kwenda kwa kafili, mwajiri anayekudhamini viza, usiyemjua ni kingine. Mtoto wa mama yangu mdogo alikwenda kufanya kazi za ndani. Alikuwa akituletea sauti tu, hataki video. Tukidhani kanenepa anaona haya. Aliporudi ndipo tukaelewa kwamba simu alikuwa akipewa jikoni, mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Wanepali nao wana hili. Serikali yao imekuwa ikiwapiga marufuku wanawake kwenda kazi za ndani Ghuba, ikilegeza, ikikaza tena. Mwaka 2017 kamati ya bunge ikaagiza wasimamishwe. Wao hupita India, mpaka uko wazi, wanapandia ndege huko. Kwa hiyo anakwenda na serikali yake haina hata jina lake. Yakimfika ya kumfika nani atamtetea?

Mtazame Saving Dolma ya 2010. Ni filamu ya hali halisi ya mwanamke wa Kinepali aliyehukumiwa kifo Kuwait kwa kesi ya kumuua mfanyakazi mwenziwe wa Kifilipino. Michango ikapitishwa ya kulipa dia. Humo utaona mambo yanavyokwenda ndani ya nyumba za watu, ingawa kamera haikuingia ndani.

#9 Nyuki Mkali
Mnazunguka sana. Jibu ni tamasha. Hizi filamu zinapata mtaji Ulaya, zinaoneshwa Ulaya, zinapigiwa makofi Ulaya. The Red Suitcase ilizinduliwa Venice. White Sun Venice. Kalo Pothi ya Min Bahadur Bham, 2015, Venice, na Shambhala yake ya 2024 ikaingia mashindano makuu ya Berlin. Mzungu wa kamati akisikia Nepal anataka mlima, ukungu, na mtu anatembea kimya dakika nne. Ukimpelekea kambi ya vibarua Qatar anakwambia hiyo ni habari ya televisheni. Mwongozaji siyo mjinga, anapika anachokula mteja.

#10 Fundi Nondo
Mimi ni fundi nondo, Dar. Niwaambie ukweli: kazi ya nondo ukiitazama dakika tano umeshaimaliza. Kukata, kukunja, kufunga waya. Kukata, kukunja, kufunga waya. Nani atanunua tiketi?

#11 Nyuki Mkali
Hahaha, fundi unajiharibia soko.

#12 Mzee wa Kaole
Nimewaacha muongee, sasa nirudi kwenye swali, kwa sababu uzi umesimama hewani. Kuna Mnepali anaitwa Kesang Tseten. Mwaka 2009 alitoa In Search of the Riyal, akawafuata vibarua kutoka kwao mpaka Qatar. Mwaka 2011 akatoa The Desert Eats Us, hukohuko Qatar. Na hiyo Saving Dolma aliyoitaja Bint Vuga pia ni ya kwake. Filamu tatu. Kwa hiyo siyo kweli kwamba hawajaenda. Wameenda miaka mingi kabla Kombe la Dunia halijawafanya waandishi wa London wagundue Qatar ina jua.

#13 Kandili
Mzee, za Tseten nazijua. Nazungumzia filamu za kubuni, zenye waigizaji. Hali halisi ni mlango mwingine.

#14 Mzee wa Kaole
Kwenye post ya kwanza hukusema hivyo. Umeandika "sinema huru". Soma tena.

#15 Sufuria Jikoni
Mbona ipo moja nimeiona, ya jamaa anafungiwa jangwani Saudia achunge mbuzi, anakonda mpaka mbavu zinahesabika? Nililia. Hiyo siyo ya kubuni yenye kazi yenyewe ndani?

Halafu wale 6,500 waliokufa wakijenga viwanja vya Qatar, wengi si Wanepali?

#16 Lindo Usiku
Sufuria, hiyo ni The Goat Life, 2024, ya Kerala, India, ni Kimalayalam. Lakini ni hoja nzuri. Wakerala wameweza, tena na nyota wao mkubwa. Wana soko, na nusu ya watazamaji wao wamekaa Ghuba au wana mtu Ghuba.

Hiyo namba nayo tuiweke sawa kwa sababu kila mtu anaipiga ovyo. Gazeti la Guardian, Februari 2021, lilijumlisha vifo vya raia wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka ndani ya Qatar tangu 2010, wakapata zaidi ya 6,500. Wa Nepal walikuwa 1,641. Ni vifo vyote: ajali barabarani, kazini, usingizini, kujiua. Siyo viwanjani pekee. Waandaaji wenyewe kwa miaka walitaja vifo vitatu tu vya kazini kwenye viwanja, halafu Novemba 2022 kiongozi wao akasema kwenye mahojiano kati ya 400 na 500 kwa miradi yote ya Kombe. Sasa wewe chagua unayemwamini.

#17 Mganga wa Zamu
Hapo kwenye "usingizini" ndipo nilitaka kuingia, maana nafanya kazi wodini na hili nimelisoma kwa makini.

Kandili, unauliza kwa nini wanaonyesha jeneza badala ya kazi. Jiulize kwanza: jeneza linakuja na karatasi gani? Mara nyingi imeandikwa moyo ulisimama, au kifo cha kawaida. Moyo wa kila maiti umesimama, hiyo siyo sababu ya kifo. Kijana aliyepimwa afya kabla ya kuondoka, anakufa usingizini, hapasuliwi kuchunguzwa, anafungwa sanduku.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Cardiology lilichapisha utafiti kuhusu Wanepali waliofia Qatar kati ya 2009 na 2017. Walilinganisha vifo na joto, wakaona vifo vya moyo vinapanda miezi ya joto kali. Kati ya vifo 571 vya moyo wakakadiria hadi 200 vingeweza kuzuilika kama vibarua wangekingwa na joto. Baadaye, 2021, Qatar ikarefusha muda wa kutofanya kazi nje: saa nne asubuhi mpaka tisa na nusu alasiri, Juni mosi hadi Septemba 15. Na hao wanaorudi hai, madaktari wa Nepal wanawapokea vijana wenye figo zilizokwisha, wanasafishwa damu maisha yao yote.

Kwa hiyo familia haijui alikufaje. Serikali haijui. Mwongozaji akikuonyesha anavyokufa kazini atakuwa ametunga jambo ambalo hakuna aliyelichunguza. Kwangu mimi The Red Suitcase imefanya kitu sahihi: imebaki na dereva ambaye naye hajui kabeba nini zaidi ya anwani.

#18 Kibajaji
Mganga umemfunga goli Kandili kipindi cha kwanza.

#19 Kandili
Goli la kuotea. Mganga, kama huna uhakika wa kifo, huwezi kuonyesha maisha? Miaka yote kabla ya kifo hakuna mchunguzi anayehitajika. Alikula nini, alilala wapi, nani alimkata mshahara. Hayo hata Lindo Usiku anayajua bila maabara.

#20 Bahari Tulivu
Kenya tuna hadithi hiyohiyo ya moyo. 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia ndani ya miaka miwili, wengi wafanyakazi wa ndani, na maelezo kutoka kule ni moyo, moyo, moyo. Hata katibu wa wizara hakuamini.

#21 Deni Halifi
Nitapingana na wote. Shida kubwa ya kibarua wa Nepal haiko Qatar. Iko kijijini kwake kabla hajaondoka. Ndiyo maana kamera imekaa sawa kule ilikokaa.

Fuatilia pesa. Kijana anataka kwenda. Kuna dalali wa kijijini, mara nyingi ni jamaa anayemfahamu, anampeleka kwa wakala Kathmandu. Tangu 2015 serikali ilitangaza kwamba viza na tiketi analipa mwajiri, na wakala asichukue zaidi ya rupia 10,000 za Nepal. Safi kabisa kwenye karatasi. Kwa vitendo watu wanalipa mara kumi na zaidi ya hapo, na risiti inaandikwa 10,000. Pesa hana, anakopa kwa mwenye nazo kijijini, riba ya hadi asilimia 36 kwa mwaka imetajwa kwenye ripoti nyingi. Anafika kule, mkataba aliosaini umebadilika, mshahara ni pungufu. Mwaka wa kwanza wote analipa riba. Hawezi kurudi hata akipigwa, kwa sababu nyumba imewekwa rehani.

Kinachomshika siyo bosi wa Doha peke yake, ni yule mkopeshaji anayempita mke wake kisimani kila asubuhi. Hapo ndipo drama ilipo, na haihitaji viza kwenda kuipiga picha.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa wakala, simtaji, ofisi ghorofa ya pili, kiyoyozi na maua ya plastiki. Kazi ilikuwa "supavaiza wa ghala". Nilipofika ilikuwa kubeba. Nilibeba. Ungefanyaje, na shamba la baba liko kwa mtu?

#22 Fundi Nondo
Pole mkuu. Shamba lilirudi?

#23 Deni Halifi
Nusu.

#24 Nyuki Mkali
Deni Halifi umeongea vizuri ila bado hujajibu kwa nini hatuoni hata huyo mkopeshaji kwenye hizo filamu. Tunaona mlima. Narudia, tamasha.

#25 Bint Vuga
Nyuki, Bulbul haina mlima. Ina moshi, foleni, na mwanamke anahesabu nauli. Umeitazama?

#26 Nyuki Mkali
Nimeona trela.

#27 Bint Vuga
Haya.

#28 Mzee wa Kaole
Niwape historia kidogo, vijana. Filamu ya kwanza kutengenezwa ndani ya Nepal ni Aama, mwaka 1964. Inahusu nini? Kijana aliyekuwa askari kwenye jeshi la India anarudi nyumbani likizo. Yaani sinema yao ilizaliwa na mtu anayerudi kutoka kazini ugenini, na kamera ilikuwa imeshatangulia kumsubiri nyumbani. Wale Wagurkha, askari wa Kinepali, wameanza kwenda kwenye majeshi ya Waingereza tangu karne ya 19. Kuondoka kwao siyo habari mpya iliyoletwa na Qatar. Nyimbo zao, hadithi zao, zote zimekaa upande wa anayebaki. Msanii anarithi pale pa kusimama hata kama hajui kama karithi.

#29 Kandili
Hii nimeipenda, na siipendi kwa sababu inaniharibia. Lakini urithi siyo sheria. Miaka sitini unasimama mlangoni tu?

#30 Mganga wa Zamu
Ongezeni Dadyaa kwenye orodha, filamu fupi ya 2016, ya Bibhusan Basnet na Pooja Gurung. Ni huko wilaya ya Jumla, milimani magharibi. Kijiji kimehamwa, wamebaki kikongwe na mkewe, na sanamu za mbao. Inasimama mlangoni pia, na inatisha kuliko mambo mengi niliyoyaona yenye damu.

#31 Kumekucha
Kuna sababu moja hamjaigusa, labda kwa sababu haipendezi. Agosti 2004 Wanepali 12 walitekwa Iraq. Walikuwa wameondoka kwao kwa ahadi ya kazi Jordan, za kupika na usafi, wakajikuta wanapelekwa Iraq. Waliuawa wote na wauaji wakasambaza video. Siku ya pili Kathmandu iliwaka: ofisi za mawakala wa ajira zilichomwa, msikiti ukavamiwa, Waislamu wa Nepal wakaponea chupuchupu kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Nchi iliyomtazama kijana wake akifa kwenye video namna ile, mimi sishangai wasanii wake hawataki kuweka mateso ya ugenini mbele ya kamera. Walishaona. Wengine wanaita kukwepa, mimi naita staha.

#32 Kibajaji
Sikuwa najua hili kabisa.

#33 Lindo Usiku
Jamaa mmoja hapa ni wa Dhading, wilaya ya kwao Nepal, alikuwa mtoto wakati huo. Anasema wakala aliyemleta yeye alikuwa na ofisi iliyochomwa 2004 na ikafunguliwa tena na jina jipya. Sijui kama ni kweli au anapiga stori, lakini anaisimulia akicheka.

#34 Bahari Tulivu
Kumekucha, umenikumbusha Oktoba 7, 2023. Wanafunzi 10 wa Nepal waliuawa Israel, walikuwa kwenye mpango wa kusoma kilimo huku wanafanya kazi mashambani. Na Watanzania wawili waliofariki walikuwa vijana wa mpango wa aina hiyohiyo. Watu wa nchi mbili ambazo hazijuani kabisa, wamekutana shambani kwa mtu.

#35 Sufuria Jikoni
Mungu awarehemu. Yule Mtanzania mmoja familia ilisubiri mwili wake zaidi ya miaka miwili.

#36 Nyuki Mkali
Sasa niulize la kwetu. Tunawacheka Wanepali, sisi tunayo hata moja? Human Rights Watch walitoa ripoti 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu, kurasa na kurasa. Bongo movie imefanya nini? Mume tajiri, mke mchawi, sofa jeupe. Wa Nepal angalau wana jeneza.

#37 Kumekucha
Bongo movie ikigusa Oman itakuwa: dada amerudi na majini.

#38 Bint Vuga
Msicheke sana. Mtoto wa mama mdogo aliporudi, watu wa mtaani walisema hivyohivyo, ana jini la Maskati. Hana jini. Halali, basi. Kuliko kumuuliza yaliyomkuta ni wepesi kumtafutia mtu wa kumsomea.

#39 Kumekucha
Dada yangu, pole. Nimekuelewa.

#40 Deni Halifi
Ndiyo maana nilisema, nyumbani ndiko mambo yalipo.

#41 Kandili
Deni Halifi usijibebee pointi za wengine.

#42 Mtandao Wangu
Mimi kijana wenu naleta sababu ya kisasa: haina haja. Vibarua wenyewe wanajirekodi. Ingia TikTok utafute Wanepali wa Ghuba na Malaysia, utaona vyumba, sufuria la wali la watu wanane, mtu anaimba na helmeti kichwani. Mwongozaji wa miaka 40 na kamera ya kukodi atakuonyesha nini kipya? Serikali yao iliifunga TikTok Novemba 2023, ikaifungua Agosti 2024. Septemba 2025 wakafunga mitandao 26 kwa mpigo, Facebook, WhatsApp, YouTube ndani. Nchi ambayo mume yuko Riyadh na mke yuko Rolpa, unafunga WhatsApp! Vijana wakaingia barabarani, wakauawa makumi, waziri mkuu akajiuzulu. Watu wanasema rushwa, na ni kweli, lakini na hiyo simu ya nyumbani isisahaulike.

#43 Mzee wa Kaole
Maandamano yalikuwa na sababu nyingi. Watoto wa wakubwa kujionyesha mali mtandaoni, ajira, rushwa. Usiyapunguze yawe habari ya simu.

#44 Mtandao Wangu
Mzee nimesema "isisahaulike", sijasema ndiyo sababu. Soma tena 😂

#45 Fundi Nondo
Mzee karudishiwa yake.

#46 Lindo Usiku
Mtandao Wangu, hapo naomba kutofautiana. Kwenye TikTok wanaweka wali na kuimba. Hawaweki siku ile jina lako limeandikwa ubaoni umekatwa siku tatu. Hawaweki mtu anasoma ujumbe wa nyumbani halafu analala na viatu. Ni Corniche ileile, tofauti ni kwamba sasa ina muziki. Kima cha chini hapa ni riyali 1,000 tangu Machi 2021, na zamani ulihitaji barua ya bosi kubadilisha kazi, hiyo imeondolewa kisheria. Mambo yamebadilika kiasi, siwezi kudanganya. Lakini filamu ya mtu anayejaribu kubadilisha kazi na bosi anamripoti katoroka, hiyo sijaiona kwa Mnepali, kwa Mkenya wala kwa Mmalayalam.

#47 Kandili
Asante! Ndiyo hiyo ninayoitaka mimi. Haina jeneza, haina mlima, haina damu. Mtu na fomu.

#48 Fundi Nondo
Itakuwa ndefu kama nondo.

#49 Sufuria Jikoni
Hizi filamu zinapatikana wapi jamani? Kibanda umiza cha mtaani kwangu ni Wakorea na Wahindi waliotafsiriwa tu.

#50 Mganga wa Zamu
White Sun nilinunua kihalali mtandaoni. Za Tseten nilizitazama kwenye maonyesho ya chuo. Kathmandu kwenyewe kuna tamasha la Film South Asia, lipo tangu 1997, la filamu za hali halisi, na huwa wanazungusha baadhi ya filamu nchi nyingine. The Red Suitcase niliipata tamashani Ulaya nilipokuwa masomoni.

#51 Nyuki Mkali
Tamashani. Ulaya. Nimemaliza.

#52 Lindo Usiku
Nimerudi kutoka shifti. Nimewauliza jamaa watatu wa chumbani kuhusu The Red Suitcase, Bulbul na hizo zingine. Bulbul mmoja anaijua kwa sababu ya yule dada mwigizaji. The Red Suitcase hakuna aliyeisikia. Nilipowasimulia, wa Dhading akasema hawezi kuitazama hata ikiletwa bure, ana ndege ya likizo mwezi ujao. Akasema akitaka sinema anataka vichekesho. Mwingine akabisha, akasema yeye angeitazama, ila na mke wake, siyo hapa. Wakaanza kubishana Kinepali, nikaenda kuoga.

#53 Deni Halifi
Huyo wa pili mpe namba yangu.

#54 Nyuki Mkali
Halafu mnasahau Nepal walishaingia Oscar hadi tano bora, ile ya misafara ya ng'ombe wa milimani. Hawana shida ya kujulikana, shida ni wanajulikana kwa mlima.

#55 Mzee wa Kaole
Himalaya, 1999. Mwongozaji ni Mfaransa, Eric Valli. Na si ng'ombe, ni yaki.

#56 Nyuki Mkali
Yaki siyo ng'ombe?

#57 Kandili
Wakuu, hiyo ya yaki fungueni uzi wake jukwaa la mifugo. Lindo Usiku, wakimaliza kubishana hebu muulize yule wa pili kwa nini siyo hapa.